Moto Mmoja wa Mama Happy

Ukitaka kumkasirisha Dorika wa Munyu, mwaga maji ya moto mbele yake. Mengine atakuvumilia. Chelewa kwenye mazoezi ya kwaya, wacha mbuzi wako waingie kwenye vitunguu vyake, mwite Mama Gongo mbele ya wageni, atakutazama tu na kuendelea na shughuli zake. Lakini thubutu kumwaga chini ndoo inayofuka mvuke, hapo utasikia habari zako, na waliopo njia panda ya Mkiwa watazisikia pia bila kupigiwa simu.

Wapo wanaosema mama huyu ana kichaa kidogo. Mimi nasema waje Munyu wakae kiangazi kimoja, halafu turudi kwenye mazungumzo.

Munyu ni kitongoji kilichojitenga na lami. Kuna alizeti, kuna mtama, kuna kuku wengi kuliko watu, na upepo usiojua sikukuu wala Jumapili. Kisima kirefu kipo na pampu yake haisumbui, ila ukionja maji yake unatema. Ukipika nayo chai, maziwa yanakatika kabla hujatia sukari. Sufuria ya kuchemshia inaota gamba jeupe ndani, gumu kama ganda la yai, na ukiendelea kuyachemsha ili yawe mazuri, ndiyo kwanza yanazidi chumvi. Mvua zikinyesha kila mtu anatega bati lake. Maji ya mvua yakiisha katikati ya kiangazi, watu wanarudi kisimani na kukunja uso.

Gamba hilo hilo ndilo lililoiua sterilaiza ya zahanati. Sterilaiza ni sufuria nene ya presha yenye geji juu ya kifuniko, na humo ndani ndimo mikasi na koleo za kuzalishia zinapotakaswa kwa mvuke mkali. Chombo kile hakipendi chumvi. Masika kilikunywa maji ya mvua na mambo yakaenda vizuri, lakini mwaka mmoja tangi la zahanati lilikauka mapema, na mtu fulani, ambaye hadi leo hajajitaja, akakitilia maji ya kisima. Valvu ikaziba, mpira wa kifuniko ukapasuka, na sterilaiza ikanyamaza. Bila mkasi safi hakuna kuzalisha. Chumba cha wazazi kikafungwa, na wajawazito wakaambiwa waende Ikungi.

Kwenda Ikungi ni rahisi kusema. Happiness, binti wa pekee wa Dorika, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza wakati chumba kimefungwa. Mumewe, Marko, alimpakia kwenye pikipiki, Dorika nyuma yake amemshikilia binti kiunoni, wakaondoka kwa kasi ndogo kwa sababu ya makorongo. Hawakufika hata kwenye lami. Mtoto alizaliwa kando ya njia, kwenye kivuli cha shamba la alizeti, na hakulia.

Walimrudisha Happiness nyumbani. Sasa, kwa watu wa huku, mzazi hukandwa, awe amebaki na mtoto au hana. Mama yake mzazi huchemsha maji hadi mkono ukatae, akachovya kitambaa, akakamua, akambana nacho tumboni, kiunoni na mgongoni, mpaka mwili uachie. Hiyo ni kazi ya mama, na hapewi mwingine mama angalipo. Lakini siku ile watu walikuwa wamejaa uani kutoa pole, na kuni zote za nyumba ziliishia chini ya sufuria ya kuwapikia. Dorika aliokota vijiti, akachoma mpaka mabua ya mtama, akapata maji vuguvugu. Akachovya, akakamua, akamkanda mwanawe.

"Mama," Happiness alisema, uso ukutani. "Moto haufiki."

Maneno hayo mawili Dorika alitembea nayo. Kufiwa na mjukuu ni jambo la Mungu, aliwaambia wenzake wa kwaya, lakini kukosa maji ya moto ya kumkandia mwanangu, hilo ni langu.

Mwaka uliofuata Happiness alishika mimba tena. Hesabu ikaangukia kiangazi tena.

Kwa bahati njema zahanati ilikuwa imempata muuguzi mkunga mpya, Scholastika, mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, asiyependa neno "haiwezekani". Aliipeleka sterilaiza mjini, ikawekewa valvu na mpira mpya, na aliporudi nayo akawakusanya akina mama siku ya kliniki.

"Hii haitaonja tena maji ya kisima," alisema, mkono juu ya kifuniko. "Mvua zikiisha nataka maji yaliyopanda. Mnachemsha maji ya chumvi kwenye pipa lililofungwa, mvuke unapanda, unapita kwenye bomba, bomba linapozwa, mvuke unadondoka maji. Chumvi inabaki chini. Ninachohitaji ni mtu anayeweza kazi hiyo."

Kisha, mmoja baada ya mwingine, akina mama wote wakageuka kumtazama Dorika.

Sababu walikuwa nayo. Marehemu mama yake, Magreth, ndiye aliyekuwa mpika gongo mkuu wa upande huu wote. Wasafirishaji wa ng'ombe walikuwa wakiacha njia kumfuata, na polisi pia. Dorika alikulia kwenye moto wa pipa lile. Kabla hajajua kusoma alijua kusikiliza mchemko wa gongo na kukanda donge la ugali la kuzibia viungo vya bomba. Mama yake alipofungwa mara ya mwisho, binti aliapa hatagusa tena. Akaolewa, akaimba kwaya, akalima vitunguu, akazika mume. Watu hawakusahau. Kila alipokosana na mtu, jibu lilikuwa lile lile: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Siku ile alinyanyuka, akakung'uta kitenge chake, akaondoka bila kuaga. Wakajua amekasirika. Hakuwa amekasirika. Alikwenda kwake, akapanda kwenye dari, akasukuma makapu, akashusha kitu kilichofungwa kwenye gunia. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa muuguzi.

"Shikamoo, mama," alisema Scholastika.

"Marahaba, nesi. Hiki ndicho unachokitaka?"

Akafungua gunia. Ndani palikuwa na bomba la shaba lililojikunja, jeusi kwa masizi na miaka.

Scholastika aliliangalia, akamwangalia mwenye nalo. Alikwisha kusimuliwa. "Mama Happy, watu watasema."

"Walishasema. Happy atajifungulia hapa au hatajifungulia hapa?"

"Nikiwa na maji yale, atajifungulia hapa."

"Basi nionyeshe pa kuweka mafiga."

Waliweka mafiga nyuma ya zahanati, hatua chache kutoka kwenye banda ambamo ndugu wa wazazi hupikia. Pipa likapatikana. Bomba likasuguliwa kwa majivu na ndimu hadi likang'aa kama kikombe cha ushirika. Lililazwa kwenye hori la zamani la kunyweshea mbuzi, likafunikwa na maji baridi, na ncha yake ikachungulia nje juu ya jagi. Dorika akakanda donge la ugali wa mtama, akaziba viungo, akawasha moto. Pipa lilipoanza kunguruma aliinamisha kichwa kusikiliza, na wale waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka. Mtu anayejua kazi yake hupendeza kumtazama, hata kama kazi yenyewe ilimfunga mama yake.

Tone la kwanza likaanguka. Haba na haba, jagi likajaa.

Hapo Dorika alifanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote pale Munyu. Kwenye gongo, inayotoka kwanza ndiyo yenyewe. Hiyo huwekwa kando, hufunikwa vizuri, huuzwa kwa wanaojua. Ya mwisho ni maji tu. Mkono wake ulikumbuka kile kilichofundishwa utotoni. Jagi la kwanza alilifunika kwa kitambaa cheupe na kumpelekea muuguzi kwa heshima zote, na yaliyofuata akayanyweshea miche ya mipapai.

Na bomba, hata lisuguliwe vipi kwa nje, ndani lilikuwa bado na kumbukumbu zake.

Wa kwanza kuhudumiwa kwa vifaa vile alikuwa mke wa mchungaji, mama mnene mwenye sauti, akiwa katikati ya uchungu. Scholastika alifungua trei. Mama mchungaji akavuta pumzi, akaacha kupiga kelele, akavuta tena.

"Nesi, hicho kinanuka gongo!"

"Sukuma, mama."

"Sisukumi! Mtoto wangu hawezi kukatwa kitovu na mkasi mlevi!"

Alisukuma, maana mtoto hakumngoja amalize mahubiri, na mkasi ulikuwa umetakata sawasawa. Lakini kufikia jioni Munyu nzima ilikuwa imeinama kwa kicheko, na Dorika alijifungia ndani kwa aibu. Scholastika alimfuata na jagi mkononi.

"Mama Happy, mbona umeniletea ya kwanza?"

"Ya kwanza ndiyo nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

Dorika akalinusa jagi. Kisha akaanza kucheka, na muuguzi naye akacheka, mpaka wakakaa chini. Kuanzia siku ile jagi la kwanza likawa la kumwaga, la kuoshea bomba, na yanayofuata ndiyo yakawa ya sterilaiza. Yalikuwa maji matamu, hayana harufu wala ladha. Watu wakaanza kuja na vikombe kuomba ya chai, wakafukuzwa.

Kicheko kiliisha, likaja jambo lisilochekesha, nalo lilikuwa kuni. Vilima vya Munyu vimenyolewa zamani, na msitu uliobaki ni wa hifadhi. Zahanati ilikuwa na utaratibu wake: kila mjamzito aje na mzigo mmoja wa kuni, ziwekwe kwenye rundo, ndugu zake wachemshie maji ya kumkandia. Rundo lile sasa lilikuwa linalisha mioto miwili. Pipa la Dorika lilikuwa na njaa ya fisi. Lilikula asubuhi, likala mchana, na bibi waliokuja kukanda wazazi wakawa wanakuta majivu.

Mwenyekiti wa kitongoji, Bonifasi, akaitisha mkutano. Ni mtu wa haki, ila ana tabia ya kufunga shauri kabla halijafunguliwa vizuri. Alisema kuni hazitoshi mioto miwili, na kila mtu alione hilo.

Scholastika akasimama. "Bila maji yale sina vifaa. Bila vifaa nafunga chumba mpaka mvua. Kwa nini wazazi wasikandwe nyumbani?"

Alisema kwa nia njema, lakini alikuwa mgeni. Bibi Marietha, mkandaji wa wale wasio na mama, mwenye mikono mikubwa kuliko wote pale, aliinuka taratibu kwa kushika goti.

"Kumbe mikasi ichemshiwe, mzazi asichemshiwe?" aliuliza. "Huyu mtu ametoka kupasuka, mnataka atembee nyumbani na baridi tumboni? Mimi kuni zangu sileti zikapikiwe gongo ya serikali."

Akina bibi wakapiga makofi. Bonifasi akatangaza: rundo lililopo litumike kwa mioto yote miwili mpaka liishe. Likiisha, moto wa pipa unazimwa, na chumba shauri lake Mungu na mawingu.

Dorika aliangalia rundo. Kisha akaangalia tumbo la mwanawe, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka pembeni, mguu mmoja umenyooshwa. Tumbo lilikuwa limeshuka. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba rundo ndilo litakalotangulia kuisha.

Alijaribu kupunguza kuni. Pipa likanuna, likaacha kudondosha. Alijaribu kuni mbichi. Moshi ukamfukuza hata muuguzi ofisini. Alikuwa hali vizuri, hasemi vizuri, na kwaya ilimkosa. Na kila maji ya kwenye hori yalipopata moto kutokana na bomba, yasiweze tena kulipoza, alikuwa akichota ndoo, anamwaga, anajaza mengine ya baridi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Na mama yake hakuwa na habari na maji ya moto. Alikuwa na habari na gongo.

Asubuhi moja Bibi Marietha alikuwa bandani, amepiga magoti mbele ya mafiga yake. Mjukuu wake alikuwa amejifungua alfajiri na anasubiri kukandwa. Kuni zilikuwa mbili, zote zenye unyevu wa umande. Bibi alipuliza, machozi yakamtoka, akapuliza tena. Dorika akachota ndoo horini, akaimwaga kama siku zote. Maji yakakimbia kwenye mteremko, yakapita chini ya miguu ya bibi, naye akaruka kama msichana.

"Wewe mtoto wa Magreth!" alifoka. "Unataka kuniunguza? Mimi hapa mapafu yananitoka natafuta maji ya moto, wewe unayamwaga chini?"

Dorika alisimama na ndoo tupu. Alimtazama bibi. Akaitazama sufuria ya bibi, ambayo haikuwa na dalili ya kuchemka. Akalitazama tope lililokuwa likifuka mvuke kati yao.

Alirudi horini, akavua kitambaa cha kichwani, akakichovya pale bomba linapoingia, akakikamua kwa vidole vinavyorukaruka, akampelekea bibi.

"Yanafaa?"

Bibi Marietha alikipokea, akakibana kwenye kiganja, akakipeleka kwenye shavu. Akakaa nacho.

"Yanafaa," alisema. "Ungesema mapema."

Natamani ningekuwapo. Kwa muda wote ule watu wazima wenye akili zao walikuwa wamegombania rundo la kuni, huku moto wenyewe ukimwagwa kwa ndoo nyuma ya banda, kuku wakiukimbia. Hakuna aliyeuona, kwa sababu huku ilikuwa kazi ya mikasi, na kule ilikuwa kazi ya wazazi, na nani angewaza kuwa ni moto ule ule?

Scholastika alipoambiwa alijipiga paji la uso. Akachuchumaa, akaeleza kile alichokisoma shuleni na kukiacha hukohuko. Maji yakigeuka mvuke, alisema, hubeba moto mwingi sana, zaidi ya ule uliotumika kuyafikisha kwenye kuchemka. Na mvuke hauwezi kurudi kuwa maji mpaka ushushe mzigo wote ule mahali fulani.

"Kama mtu aliyebeba kuni," alisema Dorika. "Haingii ndani mpaka autue."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tulikuwa tunamtua mzigo wake korongoni."

Wakamwita Gasto, fundi wa kuchomelea, wakamweleza. Hori likaondolewa. Gasto alisimamisha pipa la pili, akaliingizia bomba kwa juu, likashuka likizunguka ndani mpaka likatokea chini, hapo jagi likakaa. Maji baridi yalimiminwa kwa mfereji unaofika chini kabisa, na koki ya maji ya moto ikawekwa juu, kwa sababu Dorika alikuwa amegundua kwa mkono wake kwamba juu ya pipa panaunguza wakati chini bado pana baridi. Pipa zima wakalivika magunia yaliyojazwa pumba za alizeti lisipigwe na upepo. Na kila pipa la motoni lilipopungua, hawakuliongezea maji ya kisima yaliyo baridi. Walichota pale juu, yakaingia yakiwa yamekwisha kupata moto, na mngurumo haukukatika hata kidogo.

Moto ukabaki mmoja. Upande huu ulitoa maji ya mikasi, upande ule maji ya kukandia, na jivu lake la moto likachomea ndizi za bibi. Gamba jeupe lililobaki chini ya pipa, Dorika alilibandua na kuwatupia mbuzi, nao wakalilamba kwa furaha. Bibi Marietha alifungua koki ile kwa mara ya kwanza kwa mashaka, kichwa kimekaa upande, akaunguza kidole, akatukana kwa Kinyaturu, akatabasamu. Toka siku ile mafiga ya bandani yaliota majani.

Kulikuwa na sharti moja tu. Maji ya moto yasipochotwa, pipa la pili linajaa moto, na mvuke unatoka nje bure bila kudondoka. Lazima kuwe na wa kuyatumia. Wazazi wasipokuwepo, Dorika alitembea na ndoo kutafuta: mashuka ya zahanati yafuliwe, sakafu ioshwe, watoto wa jirani waogeshwe wakitaka wasitake. Hapo ndipo ilipoanzia ile hasira yake maarufu. Bonifasi alikuja kukagua, akakuta rundo alilolihukumu bado limefika kiunoni. Alilizunguka, akakohoa, akasema yeye siku zote alijua kwamba panahitajika moto mmoja. Hakuna aliyembishia; mtu akitaka kuingia kwenye sherehe, mwache aingie.

Uchungu wa Happiness ulianza siku yenye upepo mkali, na kama kawaida ya mambo, haukuja peke yake. Wanawake wengine wawili walikuwa wametangulia kujifungua, vifaa vyote vilikuwa vimetumika, na sterilaiza ilikuwa kavu. Scholastika alitoka mlangoni na kapu la vyuma.

"Mama Happy, nahitaji maji. Anakwenda haraka huyu."

Dorika alikuwa amekwisha kuwasha. Kupitia dirishani alisikia sauti ya mwanawe, ile ile aliyoisikia mgongoni mwa pikipiki. Alitamani kuacha moto akaingie ndani amshike mkono. Angeuacha, nani angeuangalia? Akasukuma kuni moja ndani, nyembamba tu, akainamisha kichwa kusikiliza pipa. Likanguruma. Bomba likakohoa. Jagi la kwanza likajaa, na muuguzi akalinyooshea mkono.

"Hilo bado," alisema Dorika, akalimwaga.

"Mama, hakuna muda!"

"Mwanangu ndiye aliyemo humo, nesi. Hilo bado."

Aliweka jagi la pili, akalishikilia kwa magoti. Matone yalianguka, yakaungana, yakawa uzi mwembamba. Bibi Marietha, aliyesimama kando, akafungua koki na kuanza kuchota maji ya moto ili pipa lipoe na uzi uwe mnene. Jagi likajaa. Scholastika akalichukua akikimbia.

Kisha ikawa kungoja. Geji ya sterilaiza ilipanda polepole nyuma ya dirisha. Mlango ukafungwa. Dorika hakuthubutu kuondoka motoni, na hakuthubutu kutazama mlango, basi akatazama ncha ya bomba, ambapo maji yaliendelea kudondoka bila wasiwasi wowote. Akasali, au alijaribu; lililomtoka lilikuwa jina la mama yake.

Mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kwa nguvu, akanyamaza kuvuta pumzi, akalia tena. Dorika alikaa chini kwenye majivu, na hakuna aliyemwinua kwa muda.

Alipoweza kusimama, Bibi Marietha alikuwa ameshika ndoo iliyojaa, mvuke ukimpanda usoni. Yule bibi mwenye mikono mikubwa kuliko wote Munyu, aliyekwisha kukanda wazazi wasiohesabika, alimpa Dorika ndoo ile kwa mikono miwili.

"Hii si kazi yangu," alisema. "Nenda."

Ndani, Happiness alikuwa amelala ubavu, uso ukutani kama siku ile, ila safari hii kwapani mwake palikuwa na kichwa kidogo chenye nywele zilizolowa. Dorika alichovya kitambaa. Mkono ukakataa, akaulazimisha. Akakamua, akakikunja, akambana mwanawe kiunoni kwa viganja vyote viwili, akaegemea kwa uzito wake wote.

Happiness akashtuka, akavuta pumzi kwa meno. Mwili ukakaza, halafu ukaanza kuachia, kidogo kidogo, kuanzia mgongoni.

"Unafika?" Dorika aliuliza.

"Umefika, mama," Happiness alisema. "Umefika mpaka ndani."

Dorika akachovya tena.